Igamba na Vijimea Vinavyongoja Upepo

Mwezi wa saba, baridi ya Mbozi inapokuwa kali, shuka asubuhi mpaka kijito kilicho karibu na shamba lako, utie mguu juu ya jiwe lililomo majini. Angalia usianguke, maana jiwe linateleza. Limevikwa utando mwembamba wa rangi ya kahawia, na ukiupangusa kwa kidole waona kama ute. Sasa rudi mahali pale pale mwezi wa pili, mvua kubwa zikiisha kushuka. Utakuta jiwe lile lile limesuguliwa na mchanga wa mafuriko, nalo ni safi, halitelezi tena kama mwanzo. Je, umepata kujiuliza ni nani aliyelivika nguo ile, na ni nani aliyelivua?

Watu wengi wasema utando ule ni uchafu wa mto. Kwa kweli ni shamba, tena shamba lenye mimea maelfu kwa maelfu katika nafasi isiyozidi ukucha wako. Mimea hiyo wataalamu waiita diatomu. Ndugu zake wamejaa katika maziwa makubwa na katika bahari zote za dunia, nao wana majira yao ya kuota na ya kupotea, kama vile mahindi yetu. Habari zao si za watu wenye elimu kubwa tu. Zahusu kitoweo chako, na zahusu udongo wa shamba lako. Basi twende pamoja tukaone.

MAHALI PETU

Igamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya juu, yenye hewa ya baridi, nchi ya kahawa na migomba, mahindi na maharage. Wageni wakifika Mbozi huuliza kwanza habari za Kimondo, lile pande kubwa la chuma lenye urefu wa zaidi ya meta 3, lililoanguka kutoka juu na kulala hapo Ndolezi, ambalo habari zake zilianza kuenea ulimwenguni mwaka 1930. Ni haki wakitazame, maana ni kitu cha ajabu. Walakini Mwenyezi Mungu ameweka maajabu katika vitu vikubwa na katika vitu vidogo pia, na leo twataka kutazama vidogo.

Mvua yetu huanza mwezi wa kumi na moja na kwisha mwezi wa nne au wa tano. Kisha hufuata kiangazi: kwanza baridi na upepo wa kusi, halafu joto la mwezi wa tisa na wa kumi. Kila mkulima anaijua kalenda hiyo bila kuiandika. Kumbuka vizuri, maana viumbe vya majini navyo vyaifuata, ila kwa namna ya kinyume: sisi hupanda mvua ikija, lakini vyenyewe hungoja upepo wa kiangazi.

Jina la mkoa wetu ni jina la mito miwili. Iko Songwe ya kwanza, inayoshuka kaskazini, kupita Galula na kuingia Ziwa Rukwa. Iko Songwe ya pili, upande wa Ileje, iliyo mpaka wa Tanzania na Malawi, nayo huingia Ziwa Nyasa. Maji ya upande wetu wa Mbozi hushukia Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea: maji yakiisha kuingia hayatoki ila kwa kugeuka mvuke. Lakini tone la mvua linaloanguka Ileje laweza kupita Ziwa Nyasa, likafuata mto Shire, likaingia Zambezi, hata likafika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Hivyo mkoa mmoja walisha maziwa mawili, na kwa mkono mmoja wagusa bahari.

NYUMBA YA KIOO

Diatomu moja ni chembe moja tu ya uhai. Haina mzizi, wala shina, wala jani. Nyingi zina ukubwa wa kati ya sehemu moja ya mia na sehemu moja ya tano ya milimeta. Kwa macho huioni. Lazima uwe na hadubini, kile chombo cha vioo ambacho mganga wa zahanati hutazamia vijidudu vya malaria. Ukiitazama hivyo utastaajabu, maana kila moja imejijengea nyumba ya kioo. Nyingine ni duara kama sinia, nyingine ndefu kama mtumbwi, nyingine zimeshikana kama shanga katika uzi. Na ukuta wa nyumba umetobolewa matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari, kwa ufundi ambao fundi seremala hauwezi.

Kioo hicho chatoka wapi? Chatoka katika mawe na udongo wa milimani. Mchanga mweupe na kioo cha dirisha vimefanyizwa kwa madini yaitwayo silika. Mvua ikinyesha juu ya miamba miaka mingi, huyeyusha silika kidogo kidogo, na mito huichukua mpaka ziwani na baharini. Diatomu huinywa na kuijengea. Kwa hiyo mwamba wa mlima wetu ndio uliofanya kuta za nyumba hizo.

Nyumba ina sehemu mbili, moja ikifunika nyingine, kama kopo na kifuniko chake. Diatomu ikitaka kuzaa hugawanyika; kila mtoto huchukua nusu moja, akaifanya kuwa kifuniko, kisha hujenga nusu nyingine ya kuingia ndani yake. Basi mmoja wa wale wawili lazima awe mdogo kidogo kuliko mzazi. Hivyo katika vizazi vingi hupungua kimo, mpaka udogo ukizidi huungana mbili, zikazaa moja kubwa ya kuanza upya.

Kazi yake ni ile ya jani la mhindi: huchukua mwanga wa jua na hewa chafu, hutengeneza chakula, na hutoa hewa safi. Wataalamu wakadiria kwamba karibu sehemu moja katika tano ya kazi hiyo duniani pote hufanywa na diatomu. Hewa uivutayo hapo Igamba, kilometa mamia kutoka baharini, nyingine imepikwa na vijimea hivi.

KIJIKO CHA CHAI

Sasa, kwa nini ziwe nyingi katika majira fulani na chache katika mengine? Fikiri kikombe cha chai. Umetia sukari, lakini hukukoroga. Sukari imekaa chini, na wewe wanywa juu maji yasiyo na utamu. Utamu upo, ila haufiki mdomoni. Chukua kijiko, ukoroge, mara chai yote inakuwa tamu.

Ziwa kubwa na bahari ni kama kikombe hicho. Mbolea ya maji hutokana na mizoga ya samaki na mimea iliyokufa, nayo yote huzama chini. Juu kuna mwanga wa jua bila mbolea. Chini kuna mbolea bila mwanga. Wakati wa joto na utulivu maji ya juu hupata moto, yakawa mepesi, yakalala juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Vijimea vya juu hula mbolea ndogo iliyopo mpaka inakwisha. Tena diatomu zina shida nyingine: kioo ni kizito. Maji yakitulia, huzama gizani na kufa. Ndipo mahali pake huchukuliwa na vijimea vingine vya rangi ya kijani na buluu, ambavyo vyaweza kuelea vyenyewe.

Upepo ndio kijiko. Ukivuma kwa nguvu siku nyingi, hukoroga maji, hupoza yale ya juu, huleta mbolea kutoka chini, na huzibeba diatomu zisizame. Kwa kitendo kimoja huzipa chakula na kuzishika mkono.

Huko Ulaya mambo ni tofauti kidogo. Wakati wa baridi yao bahari hukorogwa sana, lakini jua ni dhaifu na siku ni fupi. Kwa hiyo diatomu hungoja mwezi wa tatu na wa nne, jua likirudi, ndipo huzaana kwa wingi mpaka maji yanabadilika rangi. Sisi hatukosi jua mwaka mzima. Huko vyangoja jua. Kwetu vyangoja upepo.

ZIWA NYASA

Ukitoka Igamba ukapanda gari la Mbeya, ukapita Uyole na Tukuyu, barabara inateremka kati ya migomba na mashamba ya chai mpaka Kyela yenye joto na mpunga. Endelea mpaka Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Hapo ziwa li mbele yako, lenye urefu wa kilometa zipatazo 570 na kina kinachofikia meta 700 hivi.

Ukifika kati ya mwezi wa tano na wa nane utaona mawimbi makubwa. Ni upepo wa kusi, ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera. Wavuvi huuogopa, na ni haki, maana wenye mitumbwi wengi wamepoteza maisha. Lakini upepo huo huo wa kuogopwa ndio unaolima ziwa. Katika majira hayo diatomu huongezeka, hasa zile zilizoshikana kama shanga, ambazo ni nzito na bila mawimbi haziwezi kukaa juu. Baadaye hufa, na vioo vyao huanguka chini kama vumbi jeupe. Mvua zikija, mito nayo huleta tope jeusi la nchi kavu, likalala juu ya vumbi lile. Mwaka unaofuata vivyo hivyo: utepe mweupe wa kiangazi, utepe mweusi wa masika.

Hivyo chini ya ziwa pana kitabu kinachofanana na daftari la parokia, ambamo paroko huandika ubatizo na mazishi, mwaka baada ya mwaka, asiruke hata mmoja. Mahali palipotulia, wataalamu waweza kuhesabu tepe hizo na kujua mwaka gani upepo ulikuwa mkali na mwaka gani mvua ilikuwa nyingi. Mwaka 2005 walileta chombo cha kuchimba katika ziwa hilo, wakatoa matope kutoka meta 380 chini ya sakafu ya ziwa. Kati ya shuhuda waliowauliza habari za mvua na ukame wa zamani wamo diatomu wetu wadogo.

Nao walio hai huliwa na wadudu wadogo sana wa majini. Wadudu hao huliwa na usipa, wale samaki wadogo wanaouzwa sokoni Kyela. Hata yale mawingu meusi ya kungu yanayoinuka juu ya ziwa kama moshi, ambayo watu huyakamata na kuyala, shina lake ni vijimea hivi hivi.

ZIWA TANGANYIKA

Sasa tugeuke magharibi. Kutoka Tunduma njia yaenda Sumbawanga, kisha yashuka Kasanga, kwenye pembe ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha meta zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina. Upepo wa kusi ukianza mwezi wa tano, husukuma maji ya moto ya juu kuelekea Burundi, na huku kusini, Kasanga na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Maji hayo yana mbolea. Ndipo diatomu huota. Upepo ukikoma mwezi wa tisa, maji yaliyorundikwa kaskazini hurudi, yakaenda na kurudi kama uji katika bakuli lililotikiswa, na kule kaskazini nako chakula hupanda. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kukiwa shwari na joto, vijimea vya kijani na buluu huchukua zamu.

Diatomu hulisha wadudu, wadudu hulisha dagaa, dagaa hulisha migebuka. Hii ndiyo ngazi inayofika mpaka sufuria ya jikoni kwako. Mama anayenunua kifungu cha dagaa mnadani anaona bei imepanda au imeshuka, akamlaumu mchuuzi. Pengine mchuuzi ana makosa. Lakini nyuma yake yuko mvuvi, nyuma ya mvuvi yuko samaki, na nyuma ya samaki upo upepo uliovuma au usiovuma miezi michache iliyopita.

Hapa pana jambo la kutisha kidogo. Hali ya hewa ya dunia inazidi kupata joto. Maji ya juu yakizidi moto, hulala kwa uzito mdogo zaidi juu ya yale ya chini, na kijiko cha upepo hakiwezi kuyakoroga kama zamani. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika gazeti la Nature kwamba uoto wa vijimea katika Ziwa Tanganyika huenda ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba jambo hilo laweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Juu ya hayo watu wameongezeka na nyavu zimeongezeka. Ndiyo sababu mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wengi walilalamika, maana tumbo halingoji. Lakini tazama miezi hiyo: ni ile ile ya kusi, chakula kinapopanda kutoka chini.

MPAKA BAHARINI

Watu wa pwani hawagawi mwaka kwa mvua tu. Wanaugawa kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, na kusi tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa. Majahazi ya Waarabu yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Diatomu wa bahari nao wana safari kama hiyo. Wakati wa kaskazi maji ya pwani ya Tanzania ni ya moto na yametulia zaidi, na hapo vijimea vinavyoelea hupata nafasi. Kusi ikija, maji hupoa na kukorogwa. Karibu na midomo ya mito kama Rufiji, masika nayo hushusha silika na mbolea ya bara.

Lakini mahali pa kustaajabisha kuliko pote ni pwani ya Somalia. Huko kusi ni kali mno, husukuma maji ya juu mbali na nchi, na maji baridi ya kilindini hupanda mpaka bahari ya tropiki inakuwa na maji ya chini ya nyuzi 20. Diatomu huzaana kwa wingi sana, na samaki hufuata. Kati ya mwaka 1959 na 1965 meli za mataifa mengi zilishirikiana kuichunguza Bahari ya Hindi, na mambo hayo ya pepo na uhai wa bahari yakafahamika zaidi.

TURUDI RUKWA

Ziwa letu la Rukwa si kama hayo mawili. Lina kina kidogo, maji yake yana magadi, na mipaka yake hupanuka na kupungua kufuata mvua. Hapo upepo haukosi kufika chini; hutibua tope, na tope likizidi jua halipenyi. Walakini lilikuwa ziwa kubwa hapo kale. Vioo vya diatomu vilivyozikwa humo vyashuhudia hivyo, kwa kuwa diatomu wa maji matamu ya kina si sawa na wa maji ya magadi. Miaka kama 10,000 iliyopita Rukwa lilijaa mpaka likamwagikia Ziwa Tanganyika.

Tope la leo latoka wapi? Latoka juu, kwetu. Mlima ukikatwa miti, shamba likilimwa kufuata mteremko, mvua ya kwanza huchukua udongo wote wa rutuba. Mkulima hupata hasara mara mbili: shamba lake lakonda, na ziwa linalomlisha samaki lafifia.

WAJIBU WA NYUMBA YETU

Ndugu msomaji, upepo hatuwezi kuuamuru, wala joto la dunia haliwezi kuzuiwa na kijiji kimoja. Lakini yako mambo ambayo familia ya Igamba yaweza kuyafanya bila kungoja mtu. Lima kwa matuta yanayokata mteremko. Acha miti na majani kandokando ya mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika meta 60 za ukingo. Na wakati wa kumenya kahawa, usiyaachie maji ya maganda yaende kijitoni. Msimu huo ndio wa kiangazi, maji ni machache, na maganda yakioza hula hewa yote ya majini. Jirani wa chini huyachota maji hayo kwa ajili ya mtoto wake. Wataalamu hupima afya ya mto kwa kutazama ni diatomu gani wanaishi juu ya mawe yake. Wapole hufa kwanza, wakabaki wale wanaovumilia uchafu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliwaambia Wakristo kwamba kutunza dunia ni sehemu ya imani, wala si kazi ya kando. Kwetu sisi watu wa vijijini fundisho hilo si geni, maana wazee walitukataza kukata miti ya chemchemi kabla hatujajua kusoma.

Basi, Ijumaa ya Kwaresima, mama akipakua dagaa, na baba akiisha kuongoza sala ya chakula, waelezeni watoto safari ya kitoweo kile: mwamba wa mlimani uliotoa silika, mvua iliyoichukua, upepo uliokoroga, kijimea kilichojenga nyumba ya kioo, mdudu, dagaa, mvuvi aliyekesha usiku. Mtoto akijua hayo, hatamwaga uchafu mtoni kwa urahisi, na shukrani yake kwa Mungu itakuwa na mambo mengi ya kutaja.